Mayai Yaliyokataa Maji ya Kisima

Jumapili. Mvua imekatika sasa hivi, bati bado linadondosha matone.

Wameanguliwa! Acha niseme tena: wameanguliwa!

Kwa asiyejua, nina tangi la kioo sebuleni, lenye samaki wadogo wa mstari mwekundu ubavuni. Dada yangu aliwaleta kutoka kijito cha msituni huko Kibombo, ndani ya bido, dumu la plastiki, alilolipakata safari nzima ya treni kama mtoto mchanga. Walikuwa wengi. Wamebaki wawili, jike na dume, na dada anasema kile kijito sasa ni shamba la mpunga. Hawa wakifa, sina pengine pa kuwapata.

Jike alitaga mara nyingi. Kila mara mayai yaligeuka meupe yakaoza. Nililia kwa ajili ya mayai ya samaki, mimi mtu mzima mwenye cherehani na wateja wangu. Nikalaumu joto, nikalaumu chakula, nikamlaumu hata dume maskini wa watu.

Kumbe ni maji.

Mama, ambaye anaishi nasi na hajawahi kupenda samaki wasiopikwa, alinikuta najaza tangi kwa maji ya kisima chetu. "Maji yenye inakula sabuni, itaachia mayayi?" akasema, kisha akaendelea kuchambua sombe yake, majani ya muhogo ya mboga.

Sabuni! Wakati wa vita, kushuka mtoni kulipokuwa hatari, tulioga maji ya kisima hichohicho. Kipande chetu cha sabuni ya mawese kilikwisha bila povu, kikiacha utando tu kwenye beseni. Lakini mvua ikinyesha Mama alitusugua chini ya mchirizi wa bati, na povu lilitufika masikioni. Mwili wangu ulijua jibu tangu utotoni, mimi nahangaika kulitafuta kwenye simu!

Nikachukua chupa mbili, moja ya maji ya kisima, nyingine ya mvua, nikatia sabuni na kutikisa. Ya mvua ilijaa povu. Ya kisima ikabaki na ukungu tu. Maji magumu, yamejaa chokaa, si laini kama ya kijito cha msituni walikozaliwa samaki wangu.

Basi nikaanza kukinga mvua. Ile ya mwanzo niliiacha ioshe vumbi na kutu ya bati, iliyofuata nikaichanganya tangini kidogo kidogo, samaki wasishtuke. Nikapima tena kwa sabuni. Ah, maji yamerudia ugumu wake! Nilitamani kulipiga teke lile tangi.

Ndipo macho yangu yakaangukia mawe. Mume wangu Shabani anafanya kazi stesheni, na aliniokotea mawe meupe mazuri kando ya reli nipambie chini ya tangi. Nikatoa moja, nikalikamulia limau. Likatoa povu kwa mlio! Chokaa tupu. Mvua inalainisha maji, zawadi ya mume wangu inayafanya magumu. Niliyatoa yote. Shabani alininunia siku nzima, sasa mawe yake yamezunguka maua ya uani na anajisifu kwa majirani.

Jike akataga tena. Safari hii mayai yalibaki angavu, kisha vikatokea vidoti vyeusi ndani yake. Macho! Sikumwambia mtu, niliogopa.

Asubuhi hii vijimkia vimeshikamana na kioo, vinatikisika. Nikapiga kelele, Shabani akaja mbio, majirani nao wakaingia, kila mtu anasema lake.

Mama akapenya katikati yetu, kidole mdomoni. "Munyamaze! Hapa iko watoto."

Wakati wa vita alitunong'oneza hivyohivyo, tumelala chini ya kitanda, buti zinapita nje, "munyamaze." Sijawahi kulipenda neno hilo kinywani mwake.

Leo alilisema pua yake ikiwa imegusa kioo, anatabasamu, na nilimtii kwa raha zangu zote.