Jiwe la Angani na Ndoa ya Wazazi Wangu

Mbinga, Jumanne, Juni 2005

Baridi ya leo ni ya masweta mawili. Nimepanda asubuhi kutoka Liuli nikiwa juu ya magunia ya mihogo mikavu kwenye lori, na hapa kwenye mkahawa wa intaneti vidole vinakataa kuchapa. Lakini moyo umetulia. Dunia ipo, na wazazi wangu wamefunga ndoa.

Naanza na kosa langu, maana nisipoanza nalo nitalikwepa.

Wiki iliyopita nilikuwa nyumbani kwa likizo. Jumanne jioni redio ikatangaza kwamba wanasayansi wameona jiwe kubwa angani linakuja upande wa dunia, na kwamba Jumatatu ijayo... Betri zikaisha hapo hapo. Kesho yake nilizianika juani mpaka zikapata moto, wapi. Dukani nako hazikuwepo. Nikabaki na nusu ya habari, na nusu iliyobaki nikaijaza mwenyewe. Tukiwa tunakula ugali na usipa, dagaa wa ziwa letu, nikawaambia baba na mama kwamba Jumatatu jiwe litaigonga dunia.

Mimi. Mwalimu wa sayansi.

Nitasema ukweli: nilipenda jinsi walivyoacha kula wakanitazama. Niliendelea hadi kwenye kimondo cha Mbozi, kwamba kile nacho kilitoka huko huko juu, ila hiki kinachokuja ni kikubwa zaidi. Sikujua ukubwa wake. Nilijisemea tu.

Baba ni seremala, si mtu wa kutishika. Alinawa mikono akaenda kulala. Alhamisi asubuhi akatoka bila kusema anakokwenda, na aliporudi akamwambia mama, "Jumapili tunabarikiwa ndoa. Nimeshaongea na padre."

Mama aliketi chini, pale pale jikoni penye majivu.

Wameishi pamoja miaka thelathini na minane bila ndoa ya kanisani. Kila akiombwa, baba alijibu kwamba mahari alishamaliza kwa wakwe, sasa padre anataka nini tena? Kwa sababu hiyo mama hakuwa akipokea Komunyo. Watu wakiinuka kwenda mbele, yeye alibaki kwenye benchi akishika watoto na vikapu vya wenzake. Nilipokuwa mdogo nilidhani hiyo ndiyo kazi aliyopewa kanisani. Nilipokua nikamwona anavyoinamisha uso wake, nikaelewa.

Padre hakudai hata matangazo ya ndoa ya wiki tatu. Alisema kijiji kizima ni mashahidi.

Jumamosi mchana zikapatikana betri. Taarifa ya habari ikarudia lile jiwe, na safari hii nikasikia mpaka mwisho: litapita mbali, mbali kuliko mwezi, wala hakuna wa kudhurika. Wanasayansi huyafuatilia mawe ya namna hiyo, mengi hupita tu, na yale madogo huungua angani tukayaita nyota zinazoanguka. Hayo yote nafundisha kila mwaka!

Nilifurahi kwa pumzi moja tu. Kisha nikamwona mama uani, anapiga pasi suti ya mtumba ya baba, anaimba.

Nikazima redio.

Nilifikiri hivi: baba anaoa kwa sababu ya hofu, na hofu hiyo nimeipika mimi. Nikisema, atavua suti, na mama atarudi kwenye vikapu. Nikinyamaza, mama atakwenda mbele ya Mungu kwa uongo wa binti yake.

Jumapili asubuhi nilimkuta baba kwenye kizingiti anapiga viatu rangi. Nilisimama mbele yake kama mtoto aliyevunja chungu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba."

"Baba, nilikosea. Lile jiwe halitugongi. Litapita mbali."

Hakuinua macho. Aliendelea na brashi mpaka kiatu kikang'aa, akachukua cha pili.

"Mama yako anajua?"

"Bado."

"Basi usimwambie kabla ya Misa. Atadhani naghairi, aanze kulia, tuchelewe." Akafunga kopo la rangi. "Mimi nimeshamwambia padre nakuja. Jiwe lipite zake."

Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia mwenyewe.

Wakati wa Komunyo mama aliinuka kabla hata benchi lake halijafikiwa. Baba akamshika kiwiko, wakangoja zamu. Mama alipopiga magoti, alifungua viganja mapema mno, padre akiwa bado yuko kwa watu wa mwanzo, na akakaa hivyo hivyo, viganja wazi, hadi alipofikiwa. Sijawahi kuona mtu ana njaa ya namna ile.

Nilimweleza mama yote mchana ule, tukichambua mchele. Hakukasirika. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa kanga.

Jana, Jumatatu, alikuja kusimama karibu yangu uani, akatazama juu. Anga lilikuwa jeupe, kunguru wawili basi.

"Limepita?"

"Limepita, mama."

Akaniuliza taratibu, kama mtu anayeulizia basi, "Jingine linakuja lini? Maana kaka yako kule Mpepai ana watoto watatu na yule binti wa watu, na kanisani hataki kusikia."