Taarifa Yako Imetoka, Barisa

Barisa, ndugu yangu,

Nakuandikia nikiwa kwenye kiti chako, maana changu kilichukuliwa na mafuriko. Maji yameshuka. Yametuachia tope na mbu, na ile harufu uliyoijua kabla yetu sote, ya mifugo inayooza kule malishoni.

Tangu tukuzike, kompyuta ya ofisi yetu ya mifugo imezidi kujizima. Ulipokuwa hai ilizimika mara mojamoja, nawe ukacheka, "Halima, hifadhi kila mstari, huyu ni punda mchovu." Baada yako ikawa naiwasha, nafungua taarifa yako, nasoma ukurasa wa kwanza, halafu kioo kinakuwa cheusi. Mlinzi akakataa kuingia ofisini. Alisema ni wewe unayeizima, hutaki isomwe.

Mimi nilijua ulitaka isomwe. Ulirudi kutoka mabomani umeshika kichwa, ukaketi hapa kuandika ulichokiona: kondoo wanatupa mimba, ng'ombe wanatoka damu puani, na watu waliowachinja wanashikwa na homa. Uliandika mpaka macho yakaukataa mwanga. Ulipolala, hukuinuka tena.

Nilijaribu kuandika kwa mkono yale niliyoyakumbuka, na onyo la kutochinja, nikampelekea baba yako mdogo, Godana. Aliitazama karatasi, kisha akanitazama mimi, msichana wa Kipokomo, binti wa wakulima wa Hewani.

"Mashamba yenu yametufungia njia ya mto," akasema. "Sasa mnatukataza na nyama yetu?"

Akanirudishia. Akaniambia Ijumaa watachinja kondoo kwa hitima yako.

Nilirudi nikakaa mbele ya mashine hii nikiogopa. Kwanza nilidhani ni jenereta. Nikawasha taa ya mezani pembeni yake na kungoja. Kompyuta ilizimika, taa haikutikisika hata kidogo. Nikabadilisha waya, ikazimika vilevile. Nikaweka kiganja nyuma yake, pale uliponionyesha kuwa upepo unatokea. Hapakuwa na upepo. Bati lilikuwa moto kama sufuria.

Nikachomoa waya, nikaiacha ipoe, nikafungua kifuniko. Lile sanduku la ndani linalopokea umeme sikulifungua, ulinikataza. Nikamulika kwa tochi kwenye matundu yake ya nyuma. Barisa, nyigu walikuwa wamejenga humo. Tope la mafuriko, limekauka, limeshika feni yote. Mashine ilikuwa inaungua ndani, na kila ilipozidiwa na joto ilijizima. Nilikaa chini nikalia. Sijui kwa nini nililia wakati ule, kwa sababu ya tope.

Nililing'oa kwa kijiti, kidogokidogo, nikapangusa vumbi kwa brashi. Nilipoiwasha, feni ilikwama, ikakoroma, halafu ikazunguka. Taarifa yako ikatoka kwenye printa, yote. Mkuu wetu akaigonga muhuri na kuituma Hola, makao makuu ya kaunti.

Nakala moja nikaipeleka bomani mwenyewe, Ijumaa. Kondoo alikuwa amefungwa tayari na Godana ananoa kisu. Sikuzungumza naye. Nilimwendea mama yako, nikamwamkia, nikamwomba ruhusa nimsomee maneno ya mwanawe. Nikasoma ulipoandika habari za boma lenu: yule kondoo jike mwenye sikio lililochanika, aliyekuwa wa kwanza kutupa mimba, na kwamba ni wewe uliyemvuta mtoto mfu kwa mikono yako, bila glavu. Mama yako alinizuia.

"Rudia hapo," akasema.

Nikarudia. Aliitazama mikono yake. Kisha akamwambia Godana, "Mfungue huyo mnyama." Godana akaweka kisu chini, akaifungua kamba. Tukakusomea hitima kwa chai ya rangi na tende.

Kondoo yule aliyefunguliwa alikufa kesho yake, bila kuguswa na mtu. Walimfukia kwa majembe, Godana mwenyewe akichimba.

Ningependa kuishia hapo. Lakini asubuhi hii Godana amekuja ofisini kwa miguu, suruali imejaa tope hadi magotini. Dada yako Maka ameamka na homa, anasema mwanga unamchoma macho. Kabla sijafika kule na karatasi, yeye ndiye aliyekuwa akikamua ng'ombe wagonjwa. Godana hakunitazama usoni. Aliniambia tu, "Binti yangu, wewe umeyasoma yale. Tufanye nini?"

Nimezipekua kurasa zote, Barisa. Taarifa yako inaishia katikati ya sentensi.

Nimeomba trekta ya mradi wa umwagiliaji imfikishe Maka hospitalini, kwa kuwa gari haliwezi kupita kwenye tope. Wameshaiwasha, naisikia nje. Nitakaa na Maka nyuma, nimfunike kichwa kwa leso yangu asichomwe na jua, na sitamwachia mkono mpaka daktari ampokee.

Mungu akunurishie kaburi. Naondoka sasa.

Halima