Noti Safi Kuliko Zote

Jumatatu, tarehe 3
Mchoro wa Neema umechaguliwa! Neema wangu, niliyemzaa mimi! Habari imenikuta nikipanga vitenge sokoni. Anasomea uchapaji Mbarara, kule Nyamitanga. Chuo kiliwaomba wanafunzi wabuni alama ya kuwashinda wanaotengeneza noti bandia, maana ni mingi, zinatuchosha. Yake ni vipele vidogo kwenye ukingo wa juu wa noti, unavisikia kwa kidole hata gizani. Atavieleza mbele ya wageni wa benki. Nimewaambia bamama wote wa soko. Wengine mara mbili.

Jumanne, tarehe 4
Mama Kezia, jirani yangu Mrundi, kaja kununua kitenge kwa noti ya elfu hamsini iliyopasuka pembeni. Nimeikataa. Kwetu Uvira, Kongo, dola yenye mpasuko wa ukucha ni maiti.
"Dada, hii ni shilingi, si dola. Hapa Uganda!"
Kaondoka amenuna. Kitenge kile kile nimemuuzia mteja nisiyemjua, noti yake safi, imenyooka kama kanzu ya padri. Pesa naijua mimi.

Jumatano, tarehe 5
Sijui kitu. Ile noti safi ni bandia. Muuzaji wa jumla Mbarara kaipapasa, kaiinua kwenye mwanga, kanirudishia kama kitu kinachonuka. Polisi wameichukua. Fidia hakuna. Na sokoni? "Mama wa Noti, karibu!" Mama Kezia ndiye anayecheka kwa sauti kuliko wote. Kichwa kinaniuma kwa hasira.

Ijumaa, tarehe 7
Neema kaja. Nilitaka kumficha aibu yangu, kaambiwa kabla hajashuka kwenye boda. Kaniuliza kwa nini sikuipapasa. Nikafoka: nani anapapasa noti safi? Chafu ndiyo tunaipekua!
Halafu kanipa noti nizipokee kama sokoni, tena na tena, hadi nikachoka. Nakamata ncha mbili, gumba huku, gumba huku, naivuta nitazame mpasuko. Ukingo wa juu siugusi kabisa.
Kafuta vipele vyake vyote! Mchoro niliotangaza soko zima! Anavihamishia kwenye ncha, chini ya magumba, visikike hata kama mtu hana shaka. Mwalimu amemwonya kwamba akibadilisha sasa anaweza kuondolewa kati ya waliochaguliwa. Hasikii. Kichwa kigumu, sijui kakitoa wapi. Tena anataka nisimame mimi mbele ya wageni, nieleze nilivyoliwa pesa yangu. Nimekataa. Mara moja ya kuchekwa inatosha.

Jumapili, tarehe 9
Neema kapiga simu. Wamemwacha abaki, ila awaeleze vizuri kwa nini amebadilisha. Na hiyo "kwa nini" yenyewe ni mimi. Basi nimemwambia nitasimama.
Baada ya ibada nimempelekea Mama Kezia kitenge. Nimeipokea noti yake iliyopasuka. Niliivuta polepole, isiendelee kupasuka.
Kasema, "Mama wa Noti, na sisi tunakuja. Tuvae nini?"
Nikamwambia wavae vizuri. Soko lote linataka kuja Mbarara kunisikia. Basi waje. Mimi nitavaa kile cha kijani.
Siku ya wageni ni Jumamosi.