Mikono ya Wajina

Mtaa wa Dallas, Embu
3 Machi 2024

Mama mpendwa,

Salamu nyingi. Mnaendeleaje huko Kianjai? Sisi wazima, isipokuwa wajina wako. Lenah mdogo ana miezi mitano sasa, na mashavu yamekauka, yanamwasha hata halali. Namwosha mara tatu kwa siku na ile dawa ya kuua vijidudu uliyoiona hapa kwangu.

Najua uliondoka Krismasi umeumia kwa sababu sikukuachia umshike. Haikuwa dharau, Mama. Ulikuwa umekamua ng'ombe alfajiri ukaja moja kwa moja, nikaogopa vijidudu.

Binti yako,
Kagwiria

Kianjai
10 Machi

Binti yangu,

Bwana asifiwe. Nina nguvu, ng'ombe anatoa maziwa, mvua tunaingoja. Barua analeta Salesio, yule mwenye gari la ndizi.

Pole kwa wajina. Juu ya kuoga kwake sina neno. Mikono michafu haifundishi mtu usafi.

Mama yako

Embu
2 Mei

Mama,

Hujambo? Nilimpeleka mtoto kwa daktari wa ngozi, akaniuliza, "Mama Lenah, unamwosha ama unamchubua?"

Alinieleza kwamba ngozi hutoa mafuta yake, na humo huishi vijidudu visivyo na ubaya. Hula mafuta hayo na kutengeneza asidi inayozuia vile vibaya. Mimi nilisugua mafuta yote, walinzi wakaenda nayo. Sasa namwogesha mara moja kwa siku, bila dawa, kisha nampaka mafuta mazito. Analala.

Nikikumbuka nilivyoikataa mikono yako naona haya. Nisamehe. Njoo umshike.

Kagwiria

Kianjai
9 Mei

Kagwiria wangu,

Amani iwe kwenu. Barua yako nimeicheka, kisha nikalia. Tangu Krismasi nimekuwa nikinawa na dawa hiyohiyo asubuhi na jioni, ili siku ukiniita nije nikiwa safi. Vidole vimepasuka, kalamu haishikiki. Hapa ananiandikia jirani, mwalimu Kiunga.

Miaka yote ng'ombe nampaka mafuta chuchu zisipasuke, ugonjwa usipate mlango. Kumbe namjua ng'ombe kuliko ninavyojijua. Chupa nimeimwaga.

Nitakuja mikono ikipona. Sasa itamkwaruza mtoto.

Nyanya

Embu
13 Mei

Mama,

Pole na vidole. Usingoje vipone. Jumamosi Salesio anashuka Embu na ndizi, panda naye. Mafuta yapo, yanawatosha wajina wote wawili. Nitakupaka wewe kwanza, halafu yeye utampaka mwenyewe.

Binti yako