Kibarua, Paka Uliyeniachia Nimtunze

Nyumba ya kona,
nyuma ya kituo cha mafuta.
Jumapili, tarehe 9 Juni.

Mpendwa mwanangu, muuguzi wangu,

Pokea salamu zetu sote. Hujambo huko? Mgongo unaendeleaje na kule kusimama wodini kutwa? Unakula, au unaonja tu kama ulivyozoea? Sisi wazima. Kifua cha baba yako kimetulia, na mimi bado naingiza uzi tunduni mara moja tu, bila miwani. Wako mafundi wa umri wangu wanaoita wajukuu.

Picha yako ya sare nimeibandika juu ya cherehani. Kila mteja lazima aitazame kabla sijampima. Juzi mmoja alisema, "Mama fundi, mimi nimekuja kupunguza suruali." Nikamwambia suruali haina haraka, kwanza mwone huyu.

Sasa mwanangu, kaa chini. Kibarua hayupo. Hajafa, usishtuke. Nilimgawa, mwezi wa pili sasa. Zile mara tatu ulizopiga simu ukamuulizia, nikasema paka wako amelala, nilikudanganya. Baba yako alikuwa ananitazama kwa pembeni, nikamgeuzia mgongo.

Majirani niliwaambia kifua cha baba yako hakitaki manyoya. Kifua cha watu nimekisingizia bure. Ukweli ni huu. Chuo cha ualimu waliniletea kazi ya majoho ya mahafali, meusi, ishirini na manne, wala hawakutafuta fundi mwingine. Unaijua sheria yangu: nguo iliyokwisha hukunjwa kapuni ikafunikwa shuka. Safari hii shuka nililiondoa makusudi, kapu nikaliweka mlangoni, wapita njia waone kazi ya mama yako. Kibarua, na weupe wake wote, akalala humo mchana kutwa.

Katibu wa chuo alipokuja, akainua joho moja mbele ya wateja. "Mama fundi, haya majoho yameota mvi kabla wanafunzi hawajahitimu!" Wakacheka, mpaka muuza mkaa wa ng'ambo ya barabara akacheka. Niliyapiga brashi yote yakatoka safi, lakini uso wangu haukusafishika. Kesho yake asubuhi nikampeleka Kibarua kwa yule mama mwenye duka la nafaka. Paka uliyemtoa mtaroni ukamnywesha maziwa kwa bomba la sindano, mimi nimemtoa nyumbani kwa sababu ya kicheko.

Kinachoniuma zaidi, hata hakunisumbua. Nilimwekea lile kapu, akaingia mwenyewe, akawa anakoroma kwa raha njia nzima. Alidhani tunapeleka nguo.

Jumanne nilikwenda kumtazama. Amenenepa, panya wamelihama duka, na binti mdogo wa pale hambanduki. Aliponiona alikuja akajisugua miguuni pangu, kisha akaingia kapuni akakaa, anangoja twende. Nikamtoa kwa mikono yangu hii.

Mwenye duka akaniambia, "Dada, kama unamtaka mchukue, sitakunja uso. Ila ukimchukua, usimrudishe tena."

Yule mtoto alikuwa ameshika mfuko wa maharage, macho kwa Kibarua. Nikasema abaki. Nilipofika nyumbani nikashona mkono wa blauzi upande usio wake. Mimi! Nimeufumua mara mbili.

Najua ulipanga likizo yako uje umkute. Hutamkuta. Nitakupeleka dukani umwone, na njiani useme lolote ulilo nalo. Sitakukatiza, ingawa unajua kunyamaza si kipaji changu. Usiniambie yamekwisha kama hayajakwisha. Kasirika, una haki, lakini hasira hizo uje nazo nyumbani, usizifanye sababu ya kubaki huko.

Baba yako anakusalimu, anasema amefurahi nimeandika mwenyewe. Kaka yako na shangazi yako nao wanakusalimu sana. Nisalimie wenzako wa wodini, waambie wewe ni mtoto wa nani.

Mungu akulinde katika zamu zako zote, na kila utakayemshika apone.

Mimi mama yako, nikupendaye hata pale nilipokukosea,

Mama fundi