Tingatinga na Kilima cha Pumba

Jumatatu, 2 Juni 2025

Kuanzia Kibaoni mpaka kule darajani, hakuna binadamu anayejua mbwa kunizidi mimi, Omega. Mbwa wakali wananiamkia. Wangekuwa na mikono wangenipigia saluti. Shule niliacha mwenyewe kidato cha pili — walimu walikuwa wameishiwa.

Sasa ujinga wa leo. Mama mkubwa Klementina, mwenye mashine ya kukoboa mpunga ninapobeba magunia, ametangaza kwamba Tingatinga amekwisha. Tingatinga! Mbwa mkubwa kama ndama, aliyelinda mpunga wa watu hapa tangu sijaota ndevu. Sawa, kazeeka. Asubuhi miguu ya nyuma haimsikii, anajikokota kama lori lililokata ekseli. Juzi mwizi kabeba gunia mbele yake, yeye kabweka amekaa. Basi Mayunga, yule Msukuma mwenye ng'ombe wengi, analeta mpunga wake Jumamosi ya wiki ijayo, pamoja na mbwa kijana. Siku hiyo mzee atadungwa sindano ya kulala moja kwa moja.

Nikamwambia Mama mkubwa siku hiyo Tingatinga atazunguka uwanja wote wa mashine kwa miguu yake. Kacheka mpaka khanga ikamdondoka. "Haya. Akizunguka, anabaki." Zakayo, fundi wa injini, kacheka zaidi. Meno hana, kucheka anakuweza.

Jumanne, 3 Juni

Bwana mifugo Dionisi kaja na pikipiki na miwani. Nikampa shikamoo, kaitikia kama ananikopesha. Kamshika Tingatinga nyonga, kamkunja goti, mzee akalia. Eti viungo vimechakaa. Havirudi kuwa vipya, ila maumivu yanapunguzwa. Apungue unene. Alale palipo pakavu, laini, pasipo baridi. Atembezwe kidogo kidogo, asikimbizwe. Asiteleze kwenye saruji. Vidonge vya watu asipewe kabisa, vinaweza kumuua. Jumamosi ile atakuja na dawa yake ya maumivu — au na ile sindano nyingine.

Kasoma chuo miaka yote hiyo kuja kumwambia mbwa apunguze tumbo! Hata mimi nilikuwa karibu kusema.

Alhamisi, 5 Juni

Nimeanza tiba yangu. Kufanana na ya Dionisi ni bahati mbaya tu.

Magunia matupu nimeyatandaza sakafuni asiteleze. Ugali wa chenga za mchele nimepunguza, maana Mama mkubwa alikuwa anamlisha kama bwana harusi. Tingatinga alivyoniangalia! Kama nimemdhulumu urithi. Jioni tukatembea mpaka kwa mama Fausta muuza maandazi, tukapumzika, tukarudi. Bodaboda pale kijiweni wakaanza:

"Daktari Omega! Mgonjwa wako katoka wodini lini?"

"Huyu angalau anatembea. Nyie mnasubiri kubebwa na pikipiki za watu."

Jibu lao? Mmoja kanirushia ganda la muwa.

Jumapili, 8 Juni

Leo nimegundua kitu ambacho Dionisi hajafundishwa!

Asubuhi baridi, ukungu umetanda. Nyuma ya mashine kuna kilima cha pumba za mpunga, kirefu kuliko nyumba. Kinaungua. Huoni ndimi za moto, unakula ndani kwa ndani tangu msimu uliopita. Kila mtoto hapa kachapwa kwa kucheza pale. Lakini mimi nimekulia kwenye pumba. Upande wa barabara juu kuna majivu ya kijivu — huko ndiko kwenye moto. Upande wa choo pumba bado ni za kahawia, safi, za uvuguvugu kama tumbo la kuku. Nikapachimba kwa mti, nikapakanyaga mwenyewe kwanza, halafu nikamlaza mzee pale pembezoni.

Kaguna. Kafumba macho. Kisha — kainuka mwenyewe! Bila kushikwa nyonga! Kajinyoosha kama kijana anayekwenda mpirani.

Zakayo kaja na uchafu wake wa oili. "Dogo, hapo unapika mbwa."

"Kaka Zakayo, wewe pika injini yako."

"Moto wa pumba unahama, wewe. Leo huku, kesho kule."

Wivu. Mtu akikosa meno anauma kwa maneno.

Jumatano, 11 Juni

Sasa anakwenda mwenyewe kilimani kukicha, namkuta tayari. Baadaye tunazunguka mashine nusu. Anachechemea, ndiyo, lakini mkia uko juu. Mama mkubwa kamwona, akajifanya anakohoa. Halafu nikamkamata anamtupia dagaa kwa siri. Nikamwambia mgonjwa yuko kwenye masharti. "Toka hapa na masharti yako!" Lakini alikuwa anacheka.

Jumamosi, 14 Juni

Nimekaa nyuma ya magunia. Mkono wa kulia umefungwa, naandika kwa wa kushoto. Mwandiko kama wa kuku.

Asubuhi nilikuwa nanyoa ndevu kwa ajili ya wageni. Nikasikia mlio — si kubweka, ni mlio. Tingatinga kazama upande wa barabara, mpaka nyongani. Miguu ya mbele inaparura, ya nyuma haisukumi. Haina nguvu ya kusukuma! Nikaingia. Ndala zikayeyuka. Nikamvuta kwa shingo huku natukana mpaka tukabingirika chini, Zakayo akatumwagia maji ya kupoozea injini, ndoo baada ya ndoo.

Dionisi yupo. Anamsafisha nyayo, ngozi inatoka. Begi lake bado limefungwa. Mayunga kasimama na mbwa wake kijana kwenye kamba, kavua kofia.

Na Mama mkubwa anamfokea Zakayo. Nani kamwaga pumba mpya upande wenye moto? Nani mwingine anaendesha mashine? Nani anaelekeza bomba linalotema pumba? Zakayo anaapa kwa marehemu mama yake kwamba bomba hakuligusa. Mama mkubwa anataka funguo za injini, sasa hivi, na asimwone tena. Zakayo anajipapasa mifuko. Na yeye kaungua mikono akitupangusa pumba za moto.

Nimeanza kuandika hapa kwamba ni uzembe wake. Nimefuta.

Bomba hakuligusa. Jana jioni nilichukua koleo. Majivu yale yalikuwa yanachafua, na mimi nilitaka wageni wakute kilima kizuri, kitanda cha mgonjwa wa Daktari Omega. Nikafunika upande wote wa barabara kwa pumba mpya, nikasawazisha, nikasimama pembeni kujisifu.

Tingatinga siku zote aliyakwepa majivu. Alijua penye kijivu hapakanyagwi. Mimi ndiye niliyemfichia kijivu.