Mkwe Wangu Yuko Dirishani

Kyimo, Rungwe
9 Julai 2024

Mpendwa mdogo wangu Tulia,

Ugonile? Habari za Mwanza, na kile kifua chako? Shemeji bado anakoroma kama mashine ya kusaga? Sisi huku tunapumua. Baridi inatafuna magoti.

Nakujulisha kwamba kaka yako sasa ni mtu wa benki. Nina akaunti mbili, moja Tukuyu, nyingine hapa hapa, na wahasibu wakiniona wanasimama. Basi, nimedanganya. Sina hata moja.

Tatizo wanunuzi wa chai hawalipi mkononi. Hela ilikuwa ikiingia kwa wifi yako Esnath, na akaunti yake ilifungwa tulipomzika. Majani napeleka, malipo yamekwama huko huko mpaka niwe na akaunti yangu. Kuhusu marehemu, usiniulize najisikiaje. Nakula, nalala, nachuma chai. Niko kama mguu uliokaliwa.

Nilianza na chama cha akiba na mikopo cha hapa jirani. Nikasahau kabisa kwamba dirishani wamemweka Anyitike, mke wa mwanangu Prosper! Na unajua kwetu mkwe na baba wa mumewe hawatazamani. Alipoona kofia yangu tu akazama chini ya meza, puu! Mzee Twalib, yule muuza vitenge, akapiga kelele, "Majambazi!" Akalala kifudifudi, na foleni nzima ikamfuata. Nikabaki nimesimama na fimbo yangu.

"Inuka, bwana, ni mambo ya ukwe tu," nikamwambia.

Akanijibu kutoka sakafuni, "Ukwe gani huo wa kuua watu?"

Walicheka mpaka wakashika mbavu. Mimi nilicheka kwa mdomo tu, nikaondoka ili yule binti wa watu apate kutoka huko chini.

Nikapanda bodaboda hadi benki ya Tukuyu. Dada wa pale, mpole kweli, akauliza mrithi wangu ni nani. Nikasema Esnath. Akaandika. Akaomba namba yake ya simu, nikaitaja bila kukosea. Akaipiga kuhakikisha. Ikalia mfukoni mwangu.

Nikamwambia nimesahau miwani, nikatoka. Na miwani nilikuwa nimeivaa.

Prosper anakusalimu, viazi vyake vya Isongole vimekubali. Msalimie shemeji na watoto wote, hata yule anayejifanya hanijui. Mungu akitunze hicho kifua, akuzidishie pumzi.

Sasa lipa deni. Siku ulipomwaga maziwa ya baba, viboko nilikula mimi. Mpigie Anyitike, wewe ni shangazi wa mumewe, atakusikia. Mwambie Jumanne ijayo nitakuja tena, asizame. Nitampa mgongo, karatasi nitampitishia kwa nyuma, aniulize yote anayotaka. Ila pale kwenye mrithi asiniulize. Aandike tu Prosper.

Ni mimi kaka yako, niliyekupenda tangu una kamasi,
Ackson